Tupeane uzoefu: mliopima kompresheni ya mashine kuukuu za stroki mbili, mlikuta nini?

Mtoa mada (Kilindoni, Mafia)

Habari za kazi, watu wa bahari na watu wa ziwa. Naomba tukusanye hapa visa vyetu vya kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ya hizi mashine za boti za kupachika za zamani. Wengi wetu tunanunua mkononi mwa mtu, na tunachokagua ni mlio tu.

Mimi nilinunua Yamaha Enduro ya farasi 40, silinda mbili. Muuzaji alivuta kamba mara moja ikashika, mlio mtamu. Nikatoa hela. Wiki ya tatu, tukitoka Nyamisati kurudi nyumbani na kusi linavuma, watu 9 ndani, mashine ikaishiwa nguvu ghafla. Tulijikokota kwa silinda moja hadi Kilindoni. Kulikuwa na mama ana mtoto mchanga, wote wawili wamelowa chapachapa. Siku ile sitaisahau.

Fundi alipopima, silinda ya juu ilitoa mgandamizo wa psi 118, ya chini 70. Kufungua, tukakuta ringi za pistoni zimenata kwenye mifereji yake kwa masizi, na ukuta wa silinda una mikwaruzo upande wa ekzosi (njia ya moshi). Masizi ya namna ile hayajengeki kwa wiki tatu. Geji (saa ya kupimia kompresheni) ingenionyesha kabla sijatoa hela.

Alivyopima ni hivi. Aliipasha mashine moto kidogo, akaizima, akatoa plagi zote mbili. Akachomoa kamba ya usalama kwenye swichi na kuzigusisha waya za plagi kwenye bodi, kwa sababu mvuke wa petroli unatoka kwenye tundu la plagi, na cheche ikiruka hapo ni moto. Akafunga geji kwa mkono. Akafungua gesi (mkono wa kuongezea kasi) yote, akavuta kamba kwa nguvu ileile mpaka mshale ukaacha kupanda, mara 5 au 6. Akaandika, akahamia silinda ya pili.

Nanyi leteni vyenu.

Mvuvi wa dagaa, Ukerewe

Pole sana mkuu. Mimi nina Yamaha ya farasi 15. Nilinunua geji ya bei rahisi Mwanza, nikapima: juu 95, chini 95. Nilikuwa nimesikia mashine nzima inatakiwa ipande hadi 120, basi usingizi ukaisha. Nikaanza kuulizia bei za pistoni.

Mzee mmoja anayetengeneza mashine hapa mwaloni akaniambia, "Mwanangu, wewe soma tofauti kwanza, namba baadaye." Akaleta geji yake. Ikasoma 112 na 111. Mashine ileile, mchana uleule. Ya kwangu kile kivalvu kidogo cha kuzuia upepo hakikuwa kwenye ncha inayoingia silinda, kilikuwa juu karibu na saa, kwa hiyo mpira mzima ulikuwa unaongeza nafasi na kushusha namba.

Toka hapo natumia geji yangu hiyohiyo mwaka hadi mwaka, na ndani ya kifuniko cha mashine nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, juu, chini. Namba ya mtu mwingine hainisaidii sana. Namba yangu ya mwaka jana ndiyo inayonisaidia.

Kijana wa Pangani

Mimi nilipata 60 na 62 nikataka kulia. Kumbe gesi ilikuwa imefungwa! Mashine nyingi za mkono zikiwa niutro (gia haijaingia) gesi haifunguki yote, inabidi ufungue kipepeo cha kabureta kwa kidole. Nilipofungua: 109, 110.

Nahodha, Lamu

Nyinyi mna silinda mbili, mimi niwaletee ya silinda tatu, farasi 75. Juu 120. Katikati 80. Chini 82. Sasa tazameni vizuri hapo: mbili zilizopakana zimeshuka pamoja, karibu sawasawa. Ringi hazichakai kwa mapatano. Silinda jirani zikishuka pamoja, mshuku gasketi ya hedi (kifuniko cha juu ya silinda) baina yao, upepo wa hii unapita kwenda kwa mwenzake.

Tukafungua hedi. Gasketi imeungua pale katikati, alama nyeusi iko wazi kabisa. Na chanzo chake kilikuwa chumvi: njia za maji zimeziba, mashine ilikuwa ikipata joto, na mimi nikiona maji yanatoka kwa ule mshipa wa nyuma nikadhani yote salama. Ule mshipa waweza kutoka vizuri na bado bloku ikawa haipoi yote.

Hedi ilikuwa imepinda kidogo. Tuliisugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kinene, polepole, kwa mzunguko wa namba nane, hadi uso wote ukang'aa sawa. Gasketi mpya, tomosta (kivalvu kinachotawala joto la maji) mpya, nati tukakaza kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu mbili, na spana ya kipimo. Ikarudi 119, 118, 121. Pistoni sikugusa hata moja. Angekuwa fundi mwenye haraka, ningenunua tatu.

Mama mwenye boti, Nungwi

Hilo la mwisho ndilo langu khasa. Boti ilikuwa haina nguvu, fundi akasikiliza, akanambia silinda zimeliwa, mashine ifunguliwe, niboe silinda na kutia pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za mwanzo). Nikamuuliza, kompresheni ngapi? Akasema hiyo haina haja, yeye anajua kwa sikio.

Nikaita mwengine. Yeye alipima mbele yangu, akanionesha saa ya geji kwa macho yangu: 108 na 105. Akasema, bibi, silinda zako nzima, hapa hapaboolewi. Ilikuwa kabureta ya chini, jeti (kitundu cha kupitishia mafuta) imeziba uchafu. Akaisafisha, akanitahadharisha kuwa ningeendelea vile silinda ile ingekosa mafuta na oili mpaka pistoni ikatoboka.

Wanawake wenzangu wenye vyombo, tusione haya kuuliza namba. Asiye na geji asikufungulie mashine.

Fundi, Kigoma

Shikamoo mama. Umesema kweli, ila niongeze upande wa pili, maana nimeona watu wanaiamini geji kupita kiasi.

Niliwahi kuletewa mashine ina 115 na 117. Safi. Lakini kuwaka tabu, ikiwaka sailensa (mzunguko wa polepole bila kutia gesi) haikai, inazima. Mteja ananiambia kompresheni nzuri, basi mashine nzima. Sivyo. Stroki mbili ina migandamizo miwili. Mchanganyiko unaingia kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), unabanwa huko ndipo unasukumwa juu. Geji ya tundu la plagi haioni huko chini. Sili ya krenki ilikuwa imekauka na kupasuka, upepo unaingia. Sili moja tu! Vibamba vya ridi (vinavyoingiza mchanganyiko na kuuzuia usirudi) vikivunjika au kuacha nafasi, dalili ni hizohizo.

Ukipata silinda moja namba yake iko chini, tia oili kijiko kidogo kwenye tundu la plagi, zungusha, pima tena. Ikipanda sana, ringi na ukuta. Isipopanda, angalia gasketi au pistoni iliyotoboka. Kwa stroki mbili kipimo hicho si cha uhakika sana, hivyo mimi nafungua pia kifuniko cha ekzosi nachungulia pistoni na ringi kwa tochi, bila kugusa hedi.

Tofauti ikizidi asilimia 10 naanza kuuliza maswali. Ikizidi 15, chombo hakitoki.

Mtoa mada

Ahsanteni mno. Fundi wa Kigoma, sili za krenki sikuzibadilisha, na bloku iko wazi bado. Nazibadilisha wiki hii kabla haijafungwa.

Silinda ya chini imeshaboolewa, pistoni ya ovasaizi ipo. Nikifunga nitaitembeza saa 10 za mwanzo kwa mchanganyiko wa 25 kwa 1 (petroli 25, oili 1), bila kuibana, halafu narudi 50 kwa 1 na kupima tena. Kalamu ya wino nimeshanunua.