Kemia ya kidato cha tatu na cha nne: nianze na hesabu au majaribio?

Mwanafunzi wa Umoja

Hamjambo nyote. Nasoma kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Nairobi, na darasa letu ndilo la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4, litakalofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka wa 2027. Mada za kukariri, kama vile klorini na salfa, hazinisumbui, lakini tangu tuingie kwenye moli, kile kipimo cha kiasi cha kemikali, nimekuwa nikibabaika, na kila mada yenye hesabu hunirudisha palepale. Isitoshe, bureti za maabara, ile mirija ya kupimia ujazo wa vimiminika, ni chache, kwa hivyo mmoja hupima na sisi wengine tukanakili. Je, muda wangu wa ziada niuelekeze kwenye hesabu au kwenye majaribio?

Mwalimu wa Kemia, Kasarani

Anza na moli, mwanangu, kwa sababu hesabu za gesi, za joto la mmenyuko na hata za elektrolisisi (kuchanganua kemikali kwa umeme) utakazozikuta kidato cha nne zote hupitia hapo. Wengi huziona ngumu kwa kuwa hurukia kanuni kabla ya kuandika mlinganyo. Tuseme sentimita za ujazo 25.0 za sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M, yaani moli 0.1 katika kila lita, zimehitaji sentimita 20.0 za asidi ya salfuriki. Moli za haidroksaidi ni 0.0025. Mlinganyo unasema kwamba moli 2 za haidroksaidi huhitaji moli 1 ya asidi, kwa hivyo asidi ni moli 0.00125, na ukiigawanya kwa ujazo wake katika lita unapata 0.0625 M. Ile njia ya mkato ya M1V1 = M2V2 (ukolezi mara ujazo, pande zote mbili sawa), ambayo wanafunzi huitumia kila mahali kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa, ingekupa 0.125 M, yaani maradufu ya jibu sahihi, kwa kuwa haikuuliza uwiano.

Aliyemaliza, Buruburu

Simpingi mwalimu, ila mimi ningeyapa majaribio uzito zaidi ya anavyodokeza. Karatasi ya tatu, ile ya majaribio, ina alama 40 kati ya 200, na nyingi hupotea bila mtu kushindwa na kemia yenyewe. Katika jedwali la bureti, kwa mfano, ukiandika 20.5 mstari mmoja na 20.45 mstari wa pili, umekosa alama ya desimali hata kama mkono wako ulikuwa thabiti. Vilevile wastani hupatikana kwa vipimo vinavyokaribiana tu. Mwombe fundi wa maabara bureti moja baada ya masomo, uijaze maji matupu, ufungue na kufunga bilula kwa mkono wa kushoto, kisha usome sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji jicho likiwa sawa nayo. Kwa zoezi hilo huhitaji kemikali yoyote.

Upande wa kutambua chumvi, andika ulichokiona chote. Mashapo meupe, yaani chembe ngumu zinazojitokeza kwenye myeyusho, yanayoyeyuka sodiamu haidroksaidi inapozidi yanaweza kuwa ya zinki, alumini au risasi. Amonia ikizidi, ya zinki pekee ndiyo huyeyuka. Kisha potasiamu iodidi hutoa mashapo ya manjano pakiwa na risasi. Ukiandika tu kwamba yalikuwa meupe, bila kusema kilichotokea ulipozidisha, msahihishaji hana cha kukupa.

Mzazi, Donholm

Nawaunga mkono wote wawili. Naongeza tu kwamba usikimbilie tuisheni ya likizo, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inaikataza, na ambayo mara nyingi ni kunakili madokezo yaleyale kwa pesa za mzazi. Wenzako wawili na karatasi za miaka iliyopita vinatosha.

Mwanafunzi wa Umoja

Nashukuru sana. Mwalimu, swali dogo: mbona ujazo wa moli moja ya gesi mara huandikwa lita 24 na mara lita 22.4?

Mwalimu wa Kemia, Kasarani

Ni halijoto tu. Lita 22.4 ni kwa nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa moja. Lita 24 ni kwa halijoto ya kawaida ya chumba. Swali lenyewe kwa kawaida hukupa moja kati ya hizo, kwa hivyo isome sentensi ya mwisho ya swali kabla ya kugusa kikokotoo.