Salvatore na toleo la 4 la Dungeons & Dragons
Swali: Wakuu, nimemaliza riwaya ya The Crystal Shard ya R.A. Salvatore, ile ya 1988, na shujaa wake Drizzt amenikaa moyoni. Kikundini tunacheza toleo la 5 la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ila mkongwe wetu anasema toleo la 4 liliharibu kila kitu. Kweli?

Jibu: Kwa upande wa hadithi, ana haki ya kuumia. Mwaka 2008, toleo la 4 lilipotoka, Forgotten Realms, dunia ya kubuni ya mchezo huo anamoishi Drizzt, ilisogezwa mbele karibu miaka 100. Drizzt anaishi karne nyingi, lakini rafiki zake binadamu je? Nililia kabisa. Salvatore aliwarudisha kwenye The Companions, 2013.

Jibu: Mkuu, usilitupe toleo la 4! Mapigano yake kwenye ramani ya miraba sijayaona kwingine. Hata mpiganaji wa upanga ana mbinu za kuchagua kila zamu ikifika, si kurusha dadu tu na kusubiri wachawi wamalize. Nimeliendesha miaka sita na bado nalipenda.

Muulizaji: Asanteni sana. Na Homeland, riwaya yake nyingine ya Drizzt, niisome lini?

Jibu: Sasa hivi. Ni ya 1990, baada ya The Crystal Shard, lakini inarudi nyuma kueleza utoto wa Drizzt kule Menzoberranzan, mji ulio chini ya ardhi. Ukifika kwa baba yake, Zaknafein, soma polepole.