Naombeni ushauri: nimepimwa sikoseli peke yangu, sasa wanadai ng'ombe wao

Dagaa Mkavu:
Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa kibandani, Mwaloni Kirumba. Dagaa wameisha lakini nyumbani sitamani kurudi.

Posa yangu ilishapokelewa, na ng'ombe watano kati ya wanane wapo kwa baba. Mwezi uliopita mama mkwe mtarajiwa akasema kabla ya kumalizia mahari nikapime sikoseli, maana mdogo wangu wa mwisho anaumwa na mtaa mzima unajua. Sikuona ubaya. Nikaenda maabara waliyonielekeza wao wenyewe, majibu yakatoka AS.

Kabla sijamwonyesha hata mama yangu, karatasi ikawa imefika kwenye grupu la kamati ya harusi. Imepigwa picha, pembeni kuna kidole gumba chenye rangi ya kucha ya zambarau. Nakijua kidole hicho, ndicho kilichokuwa kinapapasa mshipa mkononi mwangu.

Jana mshenga kampigia baba: warudishiwe ng'ombe, eti tumbo langu litawazalia wagonjwa. Mchumba anasema ananipenda, ila yeye hajapima. Mama yake anasema ukoo wao hauna ugonjwa huo. Nifanyeje?

Ngosha wa Usagara:
Rudisha ng'ombe dada. Hao wakishakuita tumbo, siku mtoto akipata mafua utaitwa mchawi.

Nesi Mstaafu:
Pole mwanangu. Usirudishe kitu kwanza. AS si ugonjwa, umebeba kinasaba kimoja tu cha sikoseli. Mwenzako akiwa AA, yaani hana kinasaba hicho, hamtazaa mtoto wa sikoseli. Akiwa AS kama wewe, kila mimba ina uwezekano wa 25% wa mtoto kuwa SS, yaani mgonjwa. Nasema kila mimba. Si kwamba mkizaa wanne ataugua mmoja. Nimeona nyumba ambayo wawili wa kwanza wote ni SS.

Kwa hiyo karatasi yako peke yake haijasema chochote kuhusu watoto wenu, inasubiri ya kwake. Na hiyo "kwetu haupo" nimeisikia miaka yote wodini. Mtu anaweza kuwa AS mpaka anazeeka na asijue.

Mzee wa Nansio:
Ukoo wa kandokando ya ziwa hili unaapa hauna AS? Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison alizunguka Kenya akipima damu. Akakuta kwa watu wa pwani na wa Ziwa Victoria wenye kinasaba hicho wanapita 20%, huku nyanda za juu hawafiki hata 1%. Mwaka 1954 akaeleza sababu: mwenye AS malaria kali haimwangushi kirahisi. Hicho anachokikataa mama mkwe huenda ndicho kilichowabakiza mababu zake.

Binti Pamba:
Lakini si siku hizi wanapandikiza mimba na kuchagua kiinitete kisicho na ugonjwa? Na nasikia kuna tiba ya kuhariri vinasaba.

Nesi Mstaafu:
Hiyo ya kuhariri ipo, inaitwa Casgevy. Uingereza waliiidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba. Bei yake huko Marekani ilitangazwa 2023 kuwa dola milioni 2.2. Auze dagaa mpaka ziwa likauke. Watoto wengi wa sikoseli wanazaliwa Afrika, tiba inauzwa kwingine. Huku bado tunahangaikia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, na bima.

Mama Pacha:
Mtanichukia, lakini nina mtoto SS wa miaka tisa. Maumivu yakimkamata usiku anang'ata kanga yangu ili asiwaamshe wenzake. Mama mkwe hajakosea kuogopa. Amekosea kumpima mmoja na kumtangaza. Msimdanganye dada kwamba mapenzi yatatosha. Wote wawili wakiwa AS wakae chini waamue wenyewe, hata kama ni kuachana.

Wakili wa Buhongwa:
Mmeng'ang'ania ng'ombe, mimi kimenishtua kidole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Mtu wa maabara hana ruhusa ya kukurusha kwenye grupu. Miaka ya 1970 Marekani, watu weusi waliopimwa wakakutwa AS walinyimwa kazi na bima kana kwamba ni wagonjwa. Chuo chao cha jeshi la anga kiliwazuia mpaka 1981. Na UNESCO iliandika mwaka 1997 kwamba mtu asibaguliwe kwa vinasaba vyake.

Hifadhi ile picha na jina la aliyeituma. Usitoke kwenye grupu kabla hujaihifadhi.

Dagaa Mkavu:
Asanteni. Mama Pacha, nimekuelewa, nami kanga hiyo naijua.

Baba kasema ng'ombe hawatoki zizini mpaka kijana apime, tena maabara nyingine. Nimemwandikia: Jumanne saa mbili asubuhi nitakuwa getini, nitalipa mimi. Amesoma, hajajibu.

Picha ninayo. Wakili, hiyo barua ya malalamiko naanza kumwandikia nani, mwenye maabara au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi?

Wakili wa Buhongwa:
Mwenye maabara kwanza, akupigie muhuri nakala. Njoo inboksi.