Naomba ushauri: nimuulizeje mama mkubwa maswali ya maana kabla kumbukumbu hazijamtoka?

Mwana wa Makorora (mwanzisha uzi)
Assalaam alaykum, na amani kwenu nyote. Mimi ni mkazi wa Makorora hapa Tanga, nina umri wa miaka 46. Mama mkubwa aliyenilea tangu mama yangu alipofariki anaishi Pangani, ametimiza zaidi ya miaka 80, na siku hizi huniita kwa jina la marehemu kaka yake. Nakumbuka alivyokuwa akikaa barazani baada ya alasiri akisoma barua za mumewe, aliyekuwa baharia wa majahazi, nami sikumuuliza hata siku moja zilikuwa zikisema nini. Nataka niende Ijumaa nikamuulize mambo ya maisha yake, lakini kila nikikaa naye tunaishia kwenye bei ya samaki na maumivu ya magoti. Nianzie wapi? Yapo pia ya zamani ninayoyajutia, ila hayo nimekwisha kumwachia Mwenyezi Mungu, kwa hiyo naomba tusiyaguse.

Bibi wa Chumbageni
Mwanangu, usimuulize maisha yalikuwaje, kwa sababu atakujibu kuwa anamshukuru Mungu na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Mshikishe kitu: mbuzi yake ya kukunia nazi, kanga ya zamani, au mojawapo ya barua hizo, kisha muulize kilimfikiaje na siku hiyo nani alikuwapo. Akinyamaza, nawe nyamaza, wala usimjazie maneno mdomoni.

Mtoto wa Manamba
Uzi huu umenichoma. Baba yangu aliletwa kutoka Kigoma kuja kukata mkonge, akiwa mmoja wa wale walioitwa manamba kwa kuwa walijulikana kwa namba kuliko kwa majina yao. Nilimuuliza habari za vipande, yaani kadi zao za kazi, za posho na za wanyapara, na alinisimulia yote kwa furaha, lakini sikumuuliza aliacha nani kwao. Siku ya arobaini yake alitokea mzee mmoja mgeni, sura ile ile ya baba, akakaa nyuma kabisa akala wali, na kabla sijamfikia alikuwa ameondoka. Mpaka leo namwomba Mungu anisaidie kulitua jambo hilo.

Karani Mdadisi
Pole, ndugu Manamba. Sasa turudi kwa mwenye uzi. Mtu anayesema tusiguse mahali fulani ametuonyesha panapouma. Unajutia nini hasa?

Mwana wa Makorora
Sikukusudia kuyaandika haya. Mwaka 2006 niliuza shamba lake la minazi lililoko Bweni, ng'ambo ya mto, ili nifungue duka la vipuri vya pikipiki, na duka lenyewe halikumaliza mwaka. Sikuiba, kwa maana alitia dole gumba kwa mkono wake mwenyewe mbele ya mashahidi. Nimetubu, na aya ya 53 ya Surat Az-Zumar inatukataza kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Sioni faida ya kumtonesha kidonda mtu wa umri ule. Kinasa sauti nimekwisha kununua, na doti mbili za kanga.

Bibi wa Chumbageni
Yeye anajua kuwa limeuzwa?

Mwana wa Makorora
Anaamini limekodishwa. Kila mwaka baada ya mfungo humpelekea fedha kidogo ninazoziita kodi.

Nahodha Mchovu
Basi kwa hesabu zangu, shamba hilo umekwisha kulilipia mara mbili na bado si lako.

Ustadhi wa Barabara ya 12
Tusifanye mzaha. Toba ina masharti yake: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Likihusu haki ya mja, linaongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia haki yake au kumwomba akuhalalishie. Hayo matatu ni kati yako na Mola wako. Hilo la nne amelishika mama mkubwa, na akishasahau kabisa hutakuwa na wa kumwomba.

Mama Neema
Mimi ni Mkristo, na kwetu ni hivyo hivyo. Zakayo, katika Luka 19, hakusubiri kuulizwa. Alisimama mwenyewe akasema atarudisha mara nne. Hata Adamu alipoulizwa "Uko wapi?", Mungu hakuwa amempoteza. Kaka, maswali uliyoyaandaa yote yanamwelekea yeye, na hakuna hata moja linaloweza kukurudia wewe.

Wakili wa Barazani
Nitajibu la sheria, ingawa hukuliuliza. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, lakini penye udanganyifu muda huanza kuhesabiwa pale mwenye haki anapougundua.

Mwana wa Makorora
Nalijua hilo, na ndiyo maana naogopa. Aliyenunua amejenga, ana watoto pale.

Karani Mdadisi
Samahanini, mimi naona tunachezewa. Mwanzoni mama mkubwa alikuwa akisoma barua barazani. Sasa ametia dole gumba. Anayesoma barua hutia saini. Halafu mazungumzo yamenyooka mno: mzee anayesahau, kanga doti mbili, aya tayari mkononi. Huenda huyu ni mtu anayeandaa mawaidha, naye anatupima.

Nahodha Mchovu
Hata mimi nilishangaa duka la vipuri vya pikipiki kufa mjini Tanga.

Mwana wa Makorora
Natamani ingekuwa hadithi. Mama mkubwa alisoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, si shuleni. Barua za mumewe zilikuwa za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hizo alizisoma bila kukwama. Herufi za Kirumi hazijui. Karatasi niliyompelekea ilikuwa imepigwa chapa kwa Kirumi, nami nilimwambia kuwa ni ya kuhakiki mipaka. Akaniuliza, "Umeisoma vizuri, mwanangu?" Nikamjibu kuwa nimeisoma. Hilo ndilo ninalolijutia, kuliko minazi yenyewe.

Karani Mdadisi
Nafuta niliyoyasema.

Bibi wa Chumbageni
Ijumaa kiache nyumbani hicho kinasa sauti.

Mwana wa Makorora
Nimefikiri usiku kucha. Mdomo wangu hautaweza, namjua alivyo akinitazama. Nataka nimwandikie, asome mwenyewe, tena bila kusomewa na mtu. Je, yupo hapa mjini anayejua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hati kubwa, maana macho yake yamepungua?

Ustadhi wa Barabara ya 12
Mimi ninaweza. Njoo Alhamisi baada ya alasiri, ulizia madrasa. Lakini itakubidi unitamkie neno kwa neno, nami nitakuwa nakutazama.