Karakana imekua, randa sishiki tena

Fundi_Keko:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni seremala hapa Keko, Dar. Nilianza kama saidia fundi kwa mjomba, sasa nina karakana yangu na vijana. Namshukuru Mungu, oda zipo. Shida ni kwamba siku nzima niko kwenye simu: mara mbao zimepanda, mara mteja wa Mbezi anadai kitanda chake, mara kirikuu cha kupeleka mzigo kimeharibika. Nikishika patasi tu, kijana anakuja: "Bosi, kuna mtu." Bosi! Mimi ni fundi jamani. Kilichonileta huku ni ule ubao wa mninga, unaupiga randa, vumbi linatoka, mistari ya kahawia inajitokeza. Sasa jamaa yangu ananisukuma tufungue duka Buguruni, tuuze na makabati ya MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliobanwa kwa gundi. Nyie mlio kwenye biashara, mnajihesabu nani?

Mzee wa Fremu:
Kaka, hatufanani. Mimi nimefungua chipsi, vipodozi, na uwakala wa pesa za simu. Chipsi zenyewe sili. Raha yangu ni fremu tupu ya duka: kupaka rangi, kupanga mzigo, mteja wa kwanza aingie. Ikishachanganya naichoka, namwachia mdogo wangu. Marehemu Reginald Mengi, yule tajiri wa IPP, alikuwa mhasibu, akaanza kuunganisha kalamu, akaenda kwenye soda, maji, hadi televisheni. Unadhani alikuwa na mapenzi na kalamu?

Mama Cherehani, Tanga:
Mdogo wangu, tafuta mtu wa kushika simu. Mimi nashona, oda anapokea binti yangu, na hadi adhuhuri hakuna anayeruhusiwa kuniita. Mteja akitaka mkono wangu mwenyewe, bei ni nyingine, na wanalipa. Ila MDF usiidharau. Mpangaji wa chumba kimoja naye anataka kabati.

Fundi_Keko:
Dada, la simu nimelichukua. Mke wangu anakumbuka madeni ya wateja kuliko daftari langu, nitamwomba yeye. MDF sigusi, ikilowa inavimba kama andazi halafu lawama zinarudi kwa fundi. Mzee wa Fremu, hilo duka la Buguruni unalitaka? Njoo PM. Fungua wewe, jina weka lako, mimi nitakuletea vitanda.

Mzee wa Fremu:
Nipo PM tayari. Fremu iko upande gani wa barabara?