Naomba ushauri: orodha ya akina Thomson walioongoza vyuo

Habari zenu wakuu. Naandaa orodha ya watu mashuhuri wa jina la Thomson waliowahi kuongoza taasisi za elimu ya juu, na nimekwama kwenye mpangilio.

J. J. Thomson, aliyegundua elektroni mwaka 1897, aliongoza Trinity College, Cambridge, kuanzia 1918 hadi alipofariki 1940. Mwanawe, George Paget Thomson, akaja kuongoza Corpus Christi hapo hapo Cambridge. Baba na mwana, wote wana Nobel ya fizikia! Hawa nawaweka pamoja bila wasiwasi.

Shida ni Elihu Thomson, aliyekaimu urais wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, baada ya rais wake, Maclaurin, kufariki 1920. Yeye na J. J. wote walizaliwa Manchester, wakipishana miaka 3 tu, lakini si ndugu. Nikifuata mwaka wa kuzaliwa, msomaji atawadhania kaka na mdogo wake.

Halafu kuna William Thomson, yaani Lord Kelvin, Mkuu wa Chuo Kikuu cha Glasgow 1904 hadi 1907. Cheo chake kilikuwa cha heshima zaidi kuliko utendaji. Je, anastahili kuingia? Na kaimu je? Mliowahi kufanya kazi kama hii, mlitumia kigezo gani?