Kuzungusha injini kwa mkono wakati wa kuseti tapeti: plagi nizifungue lini?

Wakuu, habari zenu. Nina Hilux ya injini ya 22R, tapeti zinapiga kelele na nataka kuziseti mwenyewe (yaani kurekebisha uwazi kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma): 0.20 mm valvu za kuingiza, 0.30 mm za kutolea moshi, injini ikiwa ya moto. Shida ni kuizungusha. Kwa spana ya 19 kwenye bolti ya puli ya krenki inakwenda vizuri, kisha kompresheni (hewa inayobanwa ndani ya silinda) inaikaza, nikiongeza nguvu inaruka alama ya 0, pale pistoni namba 1 inapokuwa juu kabisa.

Fundi mmoja ananiambia niweke gia ya juu nisukume gari. Sioni kama hapo nitasimama kwenye alama sawasawa. Plagi zikitoka zote itakuwa nyepesi, lakini silinda hedi ni ya aluminiamu na naogopa kuharibu nyuzi nikizifungua ikiwa moto. Nikisubiri ipoe, vipimo si vile tena.

Waliozoea injini hizi mnafanyaje? Na nikipita alama kidogo, nirudishe nyuma au bolti italegea? Afadhali nizungushe tena raundi mbili kamili hadi roka za silinda namba 1 zote zilegee?